Viwanja vya vituo vya zimamoto vitengwe Dodoma kabla mitaa haijajaa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo moja linalohusu ramani ya jiji letu la Dodoma, nalo ni mahali pa kuweka vituo vya zimamoto. Watu wengi wanapotaja zimamoto fikra zao huenda moja kwa moja kwenye magari: yako mangapi, ni mapya au chakavu, yamefika na maji au yamefika matupu. Mimi nilifanya kazi ya mipango miji hadi nilipostaafu, na kwa mazoea ya kazi hiyo jicho langu hutangulia kuangalia kiwanja. Gari la kuzimia moto linaweza kununuliwa mwaka wowote ambao bajeti itaruhusu, lakini kiwanja cha kituo ndani ya mtaa uliokwisha kujaa nyumba hakipatikani bila kulipa fidia, kubomoa na kuburuzana mahakamani. Miji mikongwe ya dunia ililijua hilo kwa gharama kubwa, na historia ya vituo vyake inafaa kusomwa na wapangaji wetu wakati huu ambapo ardhi bado ipo.

Hapa kwetu kasi ya ujenzi haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekaa nje ya Dodoma miaka mitano akarudi. Serikali iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mpango wa kwanza wa mji mkuu, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto nchini Canada, ukatoka mwaka 1976. Kwa miaka mingi baada ya hapo mji ulikua polepole, kiasi kwamba viwanja vilivyotengwa kwa huduma za jamii vilionekana kama mapori ya kuchungia mbuzi. Sasa hali ni nyingine. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Dodoma Mjini watu 410,956, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji, Aprili 2018, na mji wa Serikali ukaanza kusimama Mtumba. Nzuguni, Nala, Ihumwa, Mkonze, Iyumbu na Ntyuka, ambako zamani mtu alikwenda kulima, leo kuna nyumba zinazogusana kuta. Upo Mpango Kabambe wa mwaka 2019 hadi 2039, na ni jambo jema, ila mpango kabambe huchora kwa kalamu nene. Kiwanja kimoja chenye namba, mipaka na mawe ya upimaji hupatikana kwenye michoro ya mtaa, na huko ndiko ninakotaka tuangalie.

Mji wa kwanza ambao historia inatuonyesha wazi ukigawa huduma ya kuzima moto kwa kufuata ramani ni Roma. Kabla ya hapo wenye fedha walijifanyia walivyotaka, na Plutarch anasimulia habari za tajiri Crassus, aliyekuwa akinunua kwa bei ya kutupa nyumba zinazoungua pamoja na zile za jirani ambazo wenyewe waliogopa zitashika moto. Mwaka wa 6 wa zama hizi Kaisari Augusto aliunda jeshi la walinzi wa usiku walioitwa Vigiles. Mji ulikuwa umegawanywa katika maeneo 14, naye akaunda vikosi 7, kila kikosi kikilinda maeneo mawili, kambi yake ikiwa katika eneo moja na kituo kidogo cha zamu katika eneo la pili. Ukiondoa ndoo, mashoka, pampu za mkono na mablanketi yaliyoloweshwa siki, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyao, ule mgawanyo wenyewe unaweza kuwekwa leo mezani mwa ofisi yoyote ya mipango miji. Kituo kimoja cha zamu cha askari hao kilifukuliwa katika mtaa wa Trastevere katika karne ya 19, kutani mwake yakikutwa maandishi waliyoyakwaruza askari wakiwa zamu. Nacho hakikuwa jengo la fahari kando ya majumba ya watawala. Kilikuwa mtaani, kati ya nyumba za watu.

Edo, mji ambao sasa unaitwa Tokyo, uliteketea vibaya mwaka 1657, na mwanzoni mwa karne iliyofuata hakimu Ōoka Tadasuke akasimamia kuundwa kwa vikosi vya watu wa mitaani, ambavyo mwaka 1720 vilipangwa kuwa makundi yapatayo 48, kila kundi na eneo lake na nembo yake ndefu iliyobebwa juu ya paa ili wenzake waione. Kazi yao kubwa ilikuwa kubomoa nyumba zilizo mbele ya moto, kwa kuwa maji hayakutosha na nyumba zilikuwa za mbao na karatasi. Watu wa kazi hiyo walikuwa maseremala na waezekaji wa mitaa hiyo hiyo, waliojua paa lipi lina boriti gani na uchochoro upi unatokea wapi. Ujuzi huo haupatikani kwa askari anayetoka upande wa pili wa mji, hata kama ni hodari kiasi gani.

London ilichukua njia nyingine, nayo ina mafunzo yake. Moto wa Septemba 1666, ulioanzia katika duka la mwoka mikate mtaa wa Pudding Lane, uliunguza kwa siku nne nyumba zipatazo 13,200. Baada yake zikazaliwa kampuni za bima ya moto, na kila kampuni ikaajiri kikosi chake na kubandika kibao chake cha chuma au cha madini ya risasi juu ya ukuta wa nyumba iliyokatiwa bima. Inasimuliwa mara kwa mara kwamba vikosi hivyo viliacha nyumba isiyo na kibao iteketee huku vikitazama. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo, na mimi naiona haina mantiki, kwa kuwa moto hausomi kibao, na nyumba ya jirani ikishika, ile yenye bima nayo itashika. Kasoro ya mpango ule ilikuwa kwamba vikosi viliwekwa kwa kufuata wateja. Mwaka 1833 kampuni zenyewe ziliona hasara ya kushindana, zikaunganisha vikosi vyao kuwa chombo kimoja chini ya James Braidwood, mtu aliyekuwa ameongoza kikosi cha Edinburgh tangu 1824. Alianza na askari 80 na vituo 13 kwa mji mkubwa kuliko yote Ulaya wakati ule. Juni 1861 maghala ya kando ya mto Thames katika mtaa wa Tooley yalishika moto, ukuta ukamwangukia Braidwood akafa, na moto ule ukaendelea kufuka kwa majuma mawili. Kampuni za bima zilipohesabu hasara zikaiambia Serikali kwamba mzigo huo si wao tena. Bunge likapitisha sheria mwaka 1865, na tarehe 1 Januari 1866 kikosi cha umma kikaanza kazi chini ya Kapteni Eyre Massey Shaw, ambaye alipenda kuajiri mabaharia kwa sababu walizoea kupanda kamba, kukesha zamu na kutii amri.

Vituo vya wakati wa Shaw vilikuwa nyumba za kuishi. Askari alikaa humo na mkewe na watoto, na watoto wale walisoma shule za mtaa huo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika michoro yetu kituo cha zimamoto, pale kinapokumbukwa, huchorwa kama karakana: banda la magari, ofisi moja na uzio. Askari anapanga chumba mbali, anakuja zamu kwa bodaboda.

Marekani ndiko ambako kituo cha zimamoto kilishika mizizi ndani ya mtaa kuliko pengine popote. Boston ilinunua pampu kutoka London na mwaka 1678 ikaajiri watu wa kuiendesha. Philadelphia, mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha kuzima moto ambacho kila mwanachama alitakiwa awe na ndoo za ngozi pamoja na mifuko ya kuokolea vitu, na asiyekuja na vitu vyake alitozwa faini. Vyama vya namna hiyo vikaongezeka hadi kila sehemu ya mji ikawa na chake. New York ilipata pampu mbili za Richard Newsham wa London mwaka 1731, nayo ikategemea watu wa kujitolea kwa zaidi ya karne nzima. Vikosi viligawanyika kwa kazi: kikosi cha pampu kilibeba mashine na mipira ya maji, na kikosi cha ngazi kilibeba ngazi pamoja na miti yenye ndoano ya kubomolea paa. Kila kimoja kilikuwa na namba yake, na mgawanyo huo wa kazi unaonekana hadi leo juu ya milango ya vituo vya New York.

Ubaya wake ulijitokeza miji ilipokua. Vikosi vya kujitolea viligeuka magenge yaliyopigania bomba la maji kabla ya kupigania moto, na ngumi zikawa sehemu ya kazi. Viligeuka pia ngazi ya siasa: William Tweed, aliyekuja kuwa bwana mkubwa wa ufisadi wa New York, alianza kujulikana akiwa kiongozi wa kikosi cha pampu namba 6, na chui milia aliyechorwa kwenye pampu hiyo akaishia kuwa nembo ya chama chake katika vikaragosi vya magazeti. (Wanasiasa wetu wanaotafuta umaarufu kwa kufadhili mashindano ya mpira hawajavumbua kitu kipya.) Cincinnati ilikata shauri mapema: tarehe 1 Aprili 1853 ilianzisha kikosi cha askari wa mshahara na pampu ya mvuke. Baltimore ikafuata mwaka 1859, New York mwaka 1865, Philadelphia mwaka 1871. Lakini angalia kilichobaki: walibadilisha mwenye mali na mlipaji wa mishahara, wakaacha mtandao wa vituo vidogo vilivyosambaa mitaani, kwa kuwa wale wa kujitolea walikuwa tayari wamechagua mahali panapofaa.

Mvuke ndio uliofanya umbali uwe suala la hesabu. Pampu ya mvuke ilikuwa na uzito wa tani kadhaa, na ilivutwa na farasi wawili au watatu. Farasi hao waliweza kuikimbiza kwa kasi kwa mwendo mfupi tu, baada ya hapo wakachoka, hivyo kituo hakikuweza kuwa mbali na nyumba kilizozilinda. Jengo lenyewe lilichorwa kwa kufuata haja hiyo. Chini kulikuwa na mlango mpana wa kutokea barabarani bila kona, pampu ikiwa imeelekezwa mlangoni na maji ya jiko lake yakiwekwa moto kutoka bomba la kituo ili mvuke usichelewe. Hatamu na mikanda ilining'inia darini juu ya mahali farasi wanaposimama. Kengele ikigongwa, mlango wa zizi ulifunguka, farasi wenyewe wakakimbilia mahali pao kwa mazoea, na hatamu zikashushwa shingoni kwa kuvuta kamba moja. Ghorofani walilala askari, na juu yao au nyuma yao ilihifadhiwa nyasi ya farasi. Ngazi ya kupandia mara nyingi ilikuwa ya kuzunguka, wazee wa kazi wakisema ni kwa sababu farasi walijifunza kupanda zile zilizonyooka. Nyuma ulisimama mnara mwembamba: mipira ya maji ya siku hizo ilikuwa ya ngozi au ya kitani na pamba, ikiachwa na unyevu huoza, kwa hiyo ilitundikwa humo kwa urefu wake wote ikauke.

Ile nguzo ya kuteleza ambayo watoto huiona kwenye katuni ina historia ambayo wasomaji wetu pengine hawaijui. Ilianzia Chicago mwaka 1878 katika kituo cha kikosi cha pampu namba 21, kikosi cha askari Weusi kilichoundwa mwaka 1872. Askari mmoja aliyekuwa juu kwenye nyasi alisikia kengele, akateleza kwa mti uliotumika kukazia mzigo wa nyasi, akawa wa kwanza kufika chini. Kapteni wao, David Kenyon, akaomba ruhusa ya kutoboa sakafu na kusimika mti wa msonobari uliosuguliwa ukalainika. Vikosi vingine viliwacheka hadi vilipoona kwamba kikosi namba 21 kinafika motoni kabla yao. Boston ikasimika nguzo ya shaba mwaka 1880, na kicheko kikaishia hapo. Hapa ndipo panaponivutia zaidi: watu wale walibadilisha jengo lao kwa ajili ya sekunde chache. Sisi tunaweka kituo ambapo gari likitoka lazima kwanza lipite kwenye mzunguko wa barabara uliojaa daladala na bajaji, kisha tunalalamikia mwendo wa dereva.

Pamoja na umbali kuna suala la kujua moto uko wapi. Miji ya zamani iliweka walinzi kwenye minara. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 mlinzi wa mnara wa mahakama ya Chicago aliuona moto akakosea mahali ulipo, vikosi vikaelekezwa pasipo, na kufikia tarehe 10 watu wapatao 300 walikuwa wamekufa na zaidi ya majengo 17,000 yameteketea. Ziko sababu nyingine za maafa hayo, kama ukame, upepo na mji uliojengwa kwa mbao, ila kosa hilo la mahali lilichangia. Boston ilikuwa tayari, tangu mwaka 1852, imeweka visanduku vya telegrafu mitaani, ambapo mtu alizungusha mkono wa kisanduku na namba ya eneo ikafika kituoni. Sisi tuna simu na namba ya dharura 114, na tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina. Ni hazina kubwa kwa askari wa zimamoto, iwapo mwenye nyumba anaijua namba ya nyumba yake mwenyewe. Wengi wetu bado tunaelekeza kwa kutaja mbuyu, msikiti, au duka la fulani.

Kuhusu maji na vifaa, mfano ninaoupenda kuutoa ni wa Baltimore, tarehe 7 Februari 1904. Moto ulianza katikati ya mji asubuhi ya Jumapili, na wakuu wa kikosi wakapiga telegramu kuomba msaada. Askari kutoka Washington walifika kwa treni upesi, na baadaye wengine kutoka Philadelphia na New York, wakiwa na pampu nzuri. Walipotaka kuunga mipira yao kwenye mabomba ya mtaani, viungio vya wengi wao havikuingia, kwa sababu kila mji ulikuwa na kipimo chake cha nyuzi za skurubu. Wengine walifunga kwa vitambaa maji yakavuja, wengine wakabaki kutazama. Majengo yapatayo 1,500 yaliteketea kwa muda uliozidi saa 30. Mwaka uliofuata kilipitishwa kipimo kimoja cha taifa, ingawa miji mingi ilichelewa kukifuata. Nadhani mfano huu unatuhusu, kwa kuwa miradi yetu ya maji, ya barabara na ya majengo marefu hujengwa na wakandarasi tofauti kwa fedha za wafadhili tofauti, na kila mmoja anaweza kuja na haidranti, yaani bomba la mtaani la kuungia mipira ya zimamoto, ya kipimo cha kwao. Kabla ya kulipwa, mkandarasi aoneshe kwamba mpira wa gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji unaingia kwenye bomba lake, tena mbele ya askari wa kituo kilicho jirani. Jambo hili lina uzito zaidi kwetu, kwa kuwa Dodoma ni mji mkavu unaotegemea zaidi visima vya bonde la Makutupora kule Mzakwe, na maji ya bomba hayapatikani kila saa katika kila mtaa. Kiwanja cha kituo kidogo hapa kwetu lazima kiwe na nafasi ya tangi la chini ya ardhi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokitenga mahali palipobaki baada ya kila mtu kuchukua chake.

Nitaulizwa kama mambo haya ya farasi yana maana yoyote katika zama za injini ya dizeli. Swali ni la haki. New York iliwatoa farasi wake wa mwisho Desemba 1922, na Chicago mwaka 1923, na kwa kweli vituo vingi vilifungwa baadaye kwa kuwa gari liliweza kufika mbali zaidi. Majengo yale yakawa nyumba za kuishi, migahawa na karakana za wasanii. Kituo cha kikosi cha pampu namba 30 katika mtaa wa Spring, New York, kilichojengwa mwaka 1904, sasa ni makumbusho ya zimamoto. Ila lipo jambo husahaulika: miji ile iliweza kupunguza kwa sababu ilikuwa navyo. Kituo kikizidi hugeuzwa maktaba au zahanati, na kiwanja hakipotei. Mji usiokuwa na viwanja hauna cha kupunguza wala cha kuongeza. Zaidi ya hayo, mbio za injini huishia pale foleni inapoanzia, na moto wa ndani siku hizi, wenye magodoro ya sponji, makochi na dari za plastiki, hukijaza chumba kwa dakika chache mno, kwa kasi kuliko ule wa mbao na majani.

Na tusidhani kwamba jiografia yetu inatulinda. Babu zetu Wagogo walijenga tembe zenye paa la udongo, ambalo cheche ikiangukia hujifia yenyewe, na kwa upande wa moto ulikuwa ujenzi wa akili kuliko mabanda ya mbao na mabati tunayoyabananisha sokoni. Kuanzia Juni hadi Novemba hakuna mvua, nyasi zinakauka kwenye viwanja visivyoendelezwa, na upepo wa Dodoma kila mtu anaujua. Dar es Salaam, yenye maji na askari wengi kuliko sisi, ilishuhudia soko lake la Kariakoo likiungua Julai 2021. Huko angalau kituo cha zamani cha barabara ya Morogoro kimekaa mahali pake muda mrefu hata abiria wa mabasi wanashuka "Fire" bila kufikiria moto.

Najua pia kwamba mpangilio wa madaraka si rahisi. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri. Kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 tukapata jeshi moja la taifa, ambalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Nauunga mkono uamuzi huo, kwa kuwa mafunzo, vyeo na vifaa vinahitaji mkono mmoja, na historia ya vikosi vya bima na vya kujitolea inaonyesha hatari ya kila mtu kuwa na chake. Lakini ardhi, michoro na vibali vya ujenzi vimebaki kwa mamlaka za upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka huo huo. Mwenye magari si mwenye viwanja. Jeshi haliwezi kujenga mahali ambapo halikutengewa, na mpangaji asipoombwa na mtu hana sababu ya kutenga. Katikati ya hao wawili ndipo kiwanja kinapopotea, kwanza kikiitwa eneo la wazi, kisha kikibadilishwa matumizi, kisha kikiwa na ghorofa ya biashara.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila mchoro mpya wa mtaa unaoidhinishwa ndani ya Jiji la Dodoma uwe na kiwanja kimoja kilichoandikwa zimamoto, si lazima kikubwa. Kitoshe gari moja au mawili, tangi la maji, na nyumba za askari na familia zao, nacho kiwe ukingoni mwa barabara inayotokea pande mbili. Hati yake iandikwe kwa jina la Jeshi tangu siku ya kwanza, hata kama kituo kitajengwa baada ya miaka 20, na kubadilisha matumizi yake kusiruhusiwe bila ridhaa ya maandishi ya kamanda wa mkoa. Kwa mitaa iliyokwisha kujaa, kama Majengo, Chang'ombe na Uhindini, itafutwe nafasi ndani ya maeneo ya masoko, shule na ofisi za umma, kabla nayo hayajauzwa. Vituo vilivyopo vitunze vitabu vyao vya matukio, picha na vifaa vilivyostaafu badala ya kuvipeleka kwenye mnada wa vyuma chakavu, kwa sababu kitabu cha matukio cha miaka 30 kitamwambia mpangaji moto wa Dodoma unaanzia wapi kuliko mshauri yeyote wa kigeni.

Michoro ya mitaa hujadiliwa na wananchi kabla ya kuidhinishwa, na mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache sana, wengi wakiwa na shauku ya kujua tu kiwanja chao kina mita ngapi. Nawaomba wenyeviti wa mitaa ya Nala, Ihumwa, Nzuguni na Mkonze, ambako upimaji unaendelea, wakifunguliwa mchoro mezani waulize kiwanja cha zimamoto ni namba ngapi, na wasisaini muhtasari wa mkutano kabla hawajaoneshwa kwa kidole.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mstaafu wa Mipango Miji,
Makole, Dodoma.